Namna ya Kulihukumu Kanisa la Kale

Watu wengi huingia katika jengo la kale kama waingiavyo sokoni wasipokuwa na fedha: hutupa macho huku na huku, husema, "Zuri," kisha hutoka. Ukiwauliza uzuri wenyewe u wapi, hawana jibu. Wengine huingia wakiwa wamekwisha kata shauri kwamba jengo lile liliwekwa na wageni, na kwa hiyo halina neno la kuwaambia. Hawa nao hutoka kama walivyoingia. Watu wa namna ya kwanza wamesifu bila ya kutazama, na wa namna ya pili wamelaumu bila ya kutazama. Makala haya yamekusudiwa kumwonyesha mwanafunzi njia ya tatu, nayo ni kuliuliza jengo maswali, kungoja majibu, na ndipo kutoa hukumu.

Katika nchi ya Uingereza desturi ya kuzuru makanisa ya vijijini ni ya siku nyingi. Huko mtu aweza kutembea kutoka kijiji hata kijiji, na karibu katika kila kimoja akakuta kanisa la mawe lenye umri wa miaka mia tano, mia saba, au zaidi. Mashariki mwa nchi, katika majimbo ya Norfolk na Suffolk, kuta nyingi zimejengwa kwa gumegume, maana huko hapakuwa na mawe mengine mema ya kujengea. Katika vilima vya Cotswolds kuta ni za mawe ya chokaa, nayo hung'aa kama asali jua linapotua. Wajuzi wa mambo hayo wameandika vitabu vingi. Mmoja wao, Nikolaus Pevsner, alianza mwaka 1951 kutoa mfululizo wa vitabu vilivyoeleza majengo ya Uingereza, jimbo baada ya jimbo, naye hakuogopa kusema kwamba hili ni jema na lile ni baya. Hiyo ndiyo kazi ya mhakiki. Si mlinzi wa mlango wala si mpiga debe wa watalii.

Je, sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunayo makanisa ya kustahili kazi hiyo? Tunayo, wala si mbali. Mkazi wa Kisauni anayo mtaani mwake. Mkazi wa Changamwe akishika barabara ya Nairobi hata Mazeras, kisha akakata kuelekea Rabai, atayakuta mengine juu ya vilima. Akisafiri mpaka Malindi ataona moja dogo la Wareno, na akivuka bahari mpaka Unguja ataona kubwa kuliko hayo yote. Hayana umri wa makanisa ya Norfolk. Lakini umri peke yake si sifa, kwani hata jiwe la njiani lina umri. Yatupasa kuyapima kwa vipimo vingine, nami nataja vinne. Je, jengo linapatana na mahali pake? Je, kazi ya mikono yake ni ya kweli? Je, lamkumbuka nani, na kumsahau nani? Na je, linatunzwaje leo?

Kipimo cha kwanza ni mahali. Jengo jema ni lile ambalo lingeondolewa na kupelekwa kwingine lingeonekana limepotea. Tazama kanisa dogo la Wareno la Malindi, lililojengwa katika karne ya 16. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, na paa lake ni la makuti. Hakuna mnara wa kutisha wala dirisha la vioo vya rangi. Waliolijenga walikuwa wageni, lakini walichukua vitu walivyovikuta, ambavyo ndivyo wenyeji walivyojengea nyumba na misikiti yao kwa karne nyingi kabla ya Vasco da Gama kufika mwaka 1498. Jiwe la tumbawe ni jepesi na hukatika bila ya taabu kubwa. Chokaa hupatikana kwa kulichoma jiwe hilohilo, na makuti huzuia joto vizuri kuliko mabati. Kwa kipimo cha mahali, kijumba kile kinayashinda makanisa mengi makubwa yaliyokifuata.

Kijumba kile chatufundisha pia kuyapima maneno. Mara nyingi huambiwa mgeni wa Rabai kwamba hapo ndipo lilipojengwa kanisa la kwanza katika Kenya. Neno hilo lataka masharti. Wareno walikuwa na makanisa yao zaidi ya miaka mia mbili kabla ya hapo. Ngome ya Yesu iliyoanzwa mwaka 1593 ilikuwa na kanisa ndani yake, na mabaki yake yangaliko. Mapadre wa shirika la Mtakatifu Agostino walifika Mombasa mwaka 1597. Ukristo ule ulikatwa kwa upanga mwaka 1631, wakati Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno kwa jina la Dom Jerónimo, alipowaasi na kuwaua. Basi Rabai haikuwa ya kwanza. Ilikuwa chanzo cha pili, na ndicho chanzo kilichodumu. Sifa hiyo ni kubwa ya kutosha, wala haihitaji kuongezwa chumvi.

Kipimo cha pili ni kazi ya mikono, na hapa hatuna mfano bora kuliko Kanisa Kuu la Kristo la Mkunazini, Unguja. Jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, mwaka uleule ambao Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini. Lilijengwa penye soko lenyewe la watumwa. Aliyelisimamia ni Askofu Edward Steere, yule aliyeandika vitabu vya sarufi na hadithi za Kiswahili ambavyo wanafunzi wa lugha hii wangali wakivitaja. Steere hakutaka paa la mbao, kwa sababu mchwa wa Unguja hawana heshima kwa nyumba ya ibada. Akaamua paa lote liwe tao moja refu la zege, lililochanganywa kwa saruji na matumbawe yaliyopondwa. Watu walitabiri kwamba litaanguka. Halikuanguka. Huu ni uamuzi wa mtu aliyefikiri juu ya mahali alipo, wala hakuiga tu mambo ya kwao.

Lakini mgeni akiingia humo huonyeshwa jambo jingine, naye hucheka. Upande wa magharibi ziko nguzo kumi na mbili zilizosimamishwa juu chini. Husimuliwa kwamba Askofu alikuwa safarini, na mafundi, ambao hawajapata kuona nguzo za namna ile, walizisimamisha kama walivyodhani. Aliporudi aliziacha zilivyo. Watu huisimulia habari hiyo kama mzaha juu ya ujinga wa mafundi. Mimi nasema wameisoma vibaya. Nguzo zile zimechukua mzigo wake tangu siku ile hata leo, kwa hiyo kwa kazi ya uashi hazina kosa. Zaidi ya hayo, katika jengo lile lote, lililojaa majina ya maaskofu na mabwana, nguzo zile ndizo mahali pekee ambapo mafundi wenyewe wametia sahihi yao bila ya kukusudia. Ukiziona, unajua kwamba walikuwako watu waliozibeba na kuzisimamisha. Zingesimama sawasawa, tungewasahau.

Hapo twafika kipimo cha tatu, ambacho ndicho kizito kuliko vyote: kanisa lamkumbuka nani? Kwa jambo hili turudi bara ya Mombasa.

Katika Nyali, ng'ambo ya Mji wa Kale, liko kaburi la Rosina, mke wa Johann Ludwig Krapf. Krapf alikuwa Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Waingereza, CMS. Alifika Mombasa mwaka 1844, na katika Julai ya mwaka huohuo homa ilimwua mke wake, na mtoto wao mchanga akafa siku chache baada ya kuzaliwa. Karibu na hapo limesimamishwa jiwe la ukumbusho wa Krapf mwenyewe. Miaka miwili baadaye alijiunga naye Johannes Rebmann, na wote wawili wakapanda Rabai. Rebmann alikaa kwa muda wa miaka ishirini na tisa, akawa wa kwanza katika Wazungu kuandika kwamba ameona theluji ya Kilimanjaro, na alipoondoka mwaka 1875 alikuwa karibu kipofu. Watu hawa walivumilia mengi, na mtu mwenye haki hawezi kuwanyima heshima yao.

Lakini mhakiki hatosheki na nusu ya habari. Rabai haikuwa pori tupu lililongoja kugunduliwa. Ilikuwa nchi ya Warabai, wenye kaya zao, ambazo ni miji iliyozungushwa msitu mtakatifu, na wenye wazee wao wa kutoa ruhusa au kuikataa. Wamisionari wale walikaa Rabai kwa sababu wazee waliwakubalia. Kaya za Rabai ziko leo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, tangu mwaka 2008. Basi anayezuru Rabai akatazama kanisa peke yake, na nyumba ya Krapf na ya Rebmann, bila ya kuinua macho kuitazama misitu ile, amesoma majibu bila ya kusoma swali. Jengo lihesabiwalo kuwa kanisa lao la kwanza pale sasa ni jumba la makumbusho, na kanisa la Mtakatifu Paulo, lililojengwa katika miaka ya 1880, lingali likisaliwa. Majumba haya ni manyenyekevu. Uzuri wake hauko katika mapambo, uko katika kukaa kwake kwa adabu katika nchi iliyokuwa na wenyewe.

Sasa tuje Kisauni. Mwaka 1875 William Salter Price alianzisha hapo kijiji cha watumwa waliokombolewa baharini na manowari za Waingereza. Kijiji kikaitwa Frere Town kwa jina la Sir Bartle Frere, balozi aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kwa ajili ya mkataba ule. Tazama jina hilo kwa jicho la mhakiki. Watu waliofika pale walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine wengi, kila mmoja na kwao. Mji wao ukapewa jina la bwana mmoja ambaye wengi wao hawakupata kumwona. Waama, majina hutolewa na mwenye kalamu.

Hata hivyo watu wa kawaida nao wana kalamu yao, nayo ni ulimi. Penye njia panda ya Kisauni na Nyali iko kengele ya Frere Town katika mnara wake mdogo. Inasimuliwa kwamba ilipigwa ili kuwaonya watu wakati wawinda watumwa walipokaribia, maana mahuru wale hawakuwa salama: mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kukishambulia kijiji chenyewe. Leo, mwulize dereva wa matatu akupeleke kwenye kengele, atakuambia shuka Kengeleni. Mtaa mzima umejiita kwa jina la kengele ile, bila ya amri ya serikali wala ya askofu. Nikitakiwa kuchagua kazi moja iliyo bora kuliko zote tulizozitaja, sitachagua Kanisa Kuu la Unguja na tao lake la zege. Nitachagua kengele hii. Mnara wake haushangazi mtu, lakini chombo hiki kilikuwa na kazi moja, kikaitenda, na watu wakakilipa kwa kukitia katika lugha yao. Ni jengo gani jingine lililopata malipo kama hayo?

Karibu na hapo liko kanisa la Emmanuel, la karne ya 19, ambalo lingali mikononi mwa waumini wa Kianglikana. Anayelizuru asiende akitafuta fahari. Aende akijua kwamba mahali hapa palitoa wahubiri, walimu na makarani kwa pwani nzima. Shule ya wachungaji iliyoanzishwa hapa ilihamishiwa Limuru mwaka 1930, na chuo kikuu cha Mtakatifu Paulo kilichoko huko leo chahesabu asili yake kutoka Frere Town. Aende pia akiyajua majina ambayo mbao za ukumbusho za pwani hazikuyapa nafasi kama zilivyowapa maaskofu. William Jones alikuwa Mwafrika aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa huko Nasik katika Bara Hindi, akarudi kufanya kazi Rabai, na mwaka 1885 akapewa ushemasi na Askofu Hannington. Mwaka huohuo Hannington aliuawa Busoga. Ni Jones aliyewaongoza mabaki ya msafara wake kurudi pwani, safari ya mamia ya maili. Kanisa Kuu la Ukumbusho la kisiwani Mombasa ladumisha jina la Hannington. Je, wangapi katika wasomaji wa makala haya walikuwa wamepata kulisikia jina la Jones?

Wala tusidhani kwamba ndani ya vijiji vile mambo yote yalikuwa mema. Katika miaka ya mwanzo ya 1880 palikuwa na mashtaka kwamba watu wa Frere Town walipigwa viboko na kufungwa na wale waliojiita wakombozi wao, na mashtaka hayo yakachunguzwa na maofisa wa Uingereza wenyewe. Na watoro waliokimbilia Rabai na vituo vingine, zaidi ya watu 1,400, walipopewa hati za uhuru siku ya kwanza ya Januari 1889, fedha za fidia zilizolipwa na kampuni ya Waingereza zilikwenda kwa waliokuwa mabwana zao. Aliyefanyishwa kazi bila ya ujira hakupewa senti. Mambo haya mawili hayamo katika ukuta wa kanisa lolote nilijualo, na kwa hiyo msomaji hana budi kuyabeba kichwani anapoingia.

Pengine msomaji atauliza: ikiwa kuta hazisemi, tutajua wapi? Kiko kitabu cha James Mbotela, mtoto wa Frere Town, kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934. Kina thamani kubwa, kwa kuwa kimeandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyekulia kati ya wazee waliotekwa. Lakini nacho kisomwe kwa uangalifu. Shukrani zake kwa Waingereza ni nyingi mno, na lawama zake zimeelekea upande mmoja. Kitabu na kanisa ni mashahidi wawili, na hakimu mwenye busara huwauliza wote wawili, kila mmoja peke yake, kisha hulinganisha.

Kipimo cha mwisho ni utunzaji. Hapa Waingereza wana somo la kutupa, na ni somo la majuto. Katika karne ya 19 walishikwa na shauku ya kuyafanya upya makanisa yao ya vijijini. Walikwangua lipu ya zamani, wakavunja benchi za kale, wakaweka mpya zilizojifanya za kale kuliko za kale zenyewe. Mambo ya karne nyingi yakapotea kwa mapenzi mema. Mwaka 1877 William Morris na wenzake waliunda chama cha kulinda majengo ya zamani, na shauri lao kubwa lilikuwa hili: zibeni mahali panapovuja leo, tengenezeni palipovunjika, lakini msijaribu kulirudisha jengo katika ujana wake.

Shauri hilo latufaa sana. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua: unyevu wa bahari huingia na kutoka. Ukipakwa saruji, unyevu hufungwa ndani, chumvi hula jiwe, na baada ya miaka lipu hubanduka pamoja na uso wa ukuta. Waumini wa kanisa la kale mara nyingi hukusanya fedha kwa taabu, wakanunua saruji na vigae vinavyong'aa, wakidhani wanaliheshimu. Sitawalaumu kwa mapenzi yao. Lakini mapenzi bila ya maarifa ndiyo yaliyoyaharibu makanisa ya Uingereza. Kopo la chokaa kila baada ya msimu wa mvua lingefanya kazi njema zaidi, na kwa fedha chache. Wala hili si neno la Wakristo peke yao, kwani misikiti ya kale ya pwani imejengwa kwa jiwe hilohilo na yaugua ugonjwa huohuo.

Basi, mwanafunzi, utakapokwenda Kengeleni au Rabai, nenda na daftari. Gusa ukuta ujue umejengwa kwa nini. Tazama juu ulione paa, na chini uione sakafu. Soma kila jina lililoandikwa, kisha andika chini yake majina ambayo hayakuandikwa: wachomaji wa chokaa, waashi, wapiga kengele, wazee waliotoa ardhi. Majina mengine hutayapata tena. Mengine yangalimo vinywani mwa wajukuu wao, katika Kisauni na Rabai, na wajukuu hao wazeeka. Ukuta uliochakaa waweza kupakwa chokaa mwakani, lakini mzee aliyefariki hapakwi. Anza kwa huyo.